Maini Kumi na Manane

Inspekta Selestini Bigirwa alilisoma jalada lile mara tatu akiwa amesimama, na kila alipofika mwisho hasira yake ilizidi. Lilikuwa na karatasi tisa. Nane kati yake zilibeba maneno ya mtu mmoja, Daktari Adolf, kaimu mkuu wa kituo cha utafiti wa wanyama kilichoko mlimani juu ya Katonga. Ya tisa ilikuwa orodha ya vitu vilivyokutwa nyumbani kwa mtuhumiwa, huko Katubuka: sumu ya panya, paketi moja, imefunguliwa. Basi. Kwa ushahidi huo mama wa miaka hamsini na mitatu alikuwa amelala kwenye sakafu ya mahabusu tangu jana mchana, na kesho saa tatu asubuhi angesimamishwa mbele ya hakimu.

"Kama sumu ya panya ni ushahidi, Afande, tukamate Katubuka nzima," alimwambia mkuu wake wa kazi, Nasri.

Nasri hakucheka. Alieleza kwamba kituo kile kinapokea wafadhili Alhamisi, kwamba simu imepigwa kutoka juu, na kwamba anataka jalada limefungwa mezani kwake saa kumi jioni. Selestini alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi.

Tuhuma yenyewe ilikuwa hivi. Kituo kilifuga kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba mifupi anayejikunja kama mpira akiguswa. Wakati wa kiangazi, chakula kinapoadimika, kalunguyeye hupoa mwili na kulala siku nyingi bila kula. Chumba A kilikuwa cha baridi, na humo walilala kumi na wawili. Chumba B kilikuwa cha joto, na humo walikaa kumi na wanane walio macho, wakilishwa kila jioni, ili wataalamu walinganishe mwili wa aliyelala na mwili wa aliye macho. Wiki tatu zilizopita, Jumatatu asubuhi, Daktari Adolf alifungua Chumba B akakuta wote kumi na wanane wamekufa. Akafuata kanuni za kituo: alikata ini la kila mmoja, akayatia kwenye mtungi wa kugandisha, kisha akaichoma mizoga. Mtunzaji wao, Rozalia, alikuwa ameambiwa mwezi uliotangulia kwamba mkataba wake hautaongezwa. Daktari aliandika kwamba mama huyo alitia sumu kwenye chakula kwa kinyongo, kisha akaondoka akijifanya anakwenda msibani.

Selestini aliagiza Rozalia aletwe. Mama alikuja peku, maana viatu huvuliwa mlangoni mwa mahabusu, akaamkia kwa sauti ya chini. Selestini alimpa kiti chake mwenyewe, yeye akaketi kwenye kona ya meza.

Rozalia hakulia wala hakuapa. Alieleza kwamba Alhamisi ile, siku nne kabla ya vifo kugunduliwa, saa sita mchana aliondoka kwenda Mwandiga kumzika kaka yake, na ruhusa aliyosainiwa anayo. Funguo alimkabidhi daktari mkononi, pamoja na kazi: chakula magharibi, taa mbili za joto zisizimwe. Aliporudi Jumatatu mchana alikuta majivu.

"Nilimuuliza neno moja tu, Afande. Nilimuuliza kama aliwangojea. Akaniambia nitoke mbele ya macho yake."

"Aliwangojea vipi?"

"Nikikueleza mimi, utaandika kwamba najitetea. Nenda Katonga ukamuulize Asumani, muuza dawa. Yeye si ndugu yangu, na hatupendani."

Selestini alilijua jina hilo. Lilikuwa pembeni mwa ukurasa wa nne, kwa kalamu nyekundu: inasemekana mtuhumiwa alikuwa akimuuzia miiba Asumani, mganga wa mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Hakuna aliyekuwa amekwenda kuuliza. Wiki tatu, na kutoka kituo cha polisi hadi Katonga ni mwendo mfupi wa pikipiki.

Asumani alikuwa mtu wa makamo, familia yake ilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo zamani za babu yake. Meza yake ilikuwa nyuma ya vichanja vya dagaa, imejaa mizizi, magome na chupa zisizo na majina. Katikati yake kulikuwa na fungu la miiba myeupe kwa myeusi, mirefu kama penseli.

Selestini alichukua mmoja, akamuuliza aliununua kwa nani.

"Papa, na wewe umri wote huo," Asumani alisema, akimwita baba kwa namna ya Kikongo, na mama aliyekuwa akigeuza dagaa akainua kichwa kusikiliza. "Huu ni mwiba wa nungunungu. Kalunguyeye mwiba wake ni huu, tazama, wa kuchokolea meno. Serikali imekutuma kukamata watu, haikukufundisha wanyama?"

Yule mama alicheka waziwazi. Selestini aliyapokea maneno hayo, kwa sababu yalikuwa kweli. Tangu alipokuwa konstebo, akisoma masomo ya jioni kule Ujiji baada ya zamu, alikuwa amezoea kuonekana hajui, na alijua kwamba kuna faida katika kuonekana hivyo. Akauliza basi Rozalia anahusikaje na meza hii.

Asumani alishusha sauti. Alisema Rozalia alifika pale mara moja tu, mwaka juzi, wakati wa kiangazi, kununua dagaa. Akaona kwenye kapu kalunguyeye ambaye wakulima walimchimbua wakisafisha shamba. Alikuwa amepoa, mgumu kama jiwe, na Asumani alikuwa anajiandaa kumkausha juani.

"Akanifokea mbele ya wateja. Akasema, huyo hajafa, kaa chini. Akachomoa pamba kwenye mto wa mtoto wa jirani, akaweka kidogo puani kwa mnyama. Kisha akatoa rozari. Mimi ni Mwislamu, Papa, nilikaa pale nikisikiliza Salamu Maria kumi nzima. Hakuna kitu. Nikamwambia, mama, umeniharibia asubuhi. Akaanza kumi la pili. Katikati ya kumi la pili, pamba ikatikisika. Ikatulia tena. Sijapata kuona kitu kama hicho."

"Ikawaje?"

"Nikampa mnyama aende naye. Mimi nauza dawa, siuzi walio hai." Alipanga upya miiba yake. "Ni yeye mliyemfunga? Basi mmefunga mtu wa pekee mjini hapa anayejua kumtofautisha aliyelala na aliyekufa."

Selestini alipanda mlima hadi kituo cha utafiti akiwa na hasira, lakini alijizuia kukimbilia neno lolote. Kwamba mnyama anaweza kuonekana amekufa, hilo lilikuwa jambo moja. Kwamba wale kumi na wanane walikuwa hai, hilo lilihitaji ithibati. Wanyama wa Chumba B walikuwa kwenye joto, wameshiba. Kwa nini walale?

Hakuanzia ofisini. Alizunguka jengo kwa nyuma. Ilikuwa katikati ya kiangazi, na mlima wote ulikuwa wa rangi ya mkate. Chini ya dirisha la Chumba B tu palikuwa na majani, duara la upana wa sinia, marefu kiasi cha kidole, yaliyochipua kwa nguvu na sasa yameanza kugeuka manjano nchani. Juu yake palikuwa na bomba jembamba la kipoza hewa. Selestini alichuchumaa, akagusa udongo. Mkavu. Bomba lile lilikuwa limedondosha maji kwa siku kadhaa, kisha likaacha, na si zamani sana. Alirudi kwenye jalada, ukurasa wa pili. Daktari ameandika: *Chumba B hakijawahi kuwashwa kipoza hewa, maana ni chumba cha joto.*

Ndani alipokelewa na fundi wa maabara, dada wa miaka kama thelathini aitwaye Catherine, aliyemwamkia shikamoo na kumweleza kwamba daktari yuko kwenye simu na wafadhili. Selestini alisema atangoja, akaomba aoneshwe vyumba. Katika Chumba B aliona sakafuni mstatili safi pasipo vumbi, karibu na soketi. Alimuuliza Catherine ni kitu gani kilikuwa pale.

"Kompyuta kubwa ya daktari. Aliileta huku mwezi uliopita kwa sababu ofisini kulikuwa na joto sana. Kompyuta hiyo ikisoma jeni inachemka, kwa hiyo akawasha kipoza hewa. Mama Rozalia aligomba. Akawa anawawekea wanyama taa na kuwaongezea chakula ili wasipoe."

"Na mama alipokwenda msibani?"

"Niliporudi likizo nilikuta taa zimezimwa. Daktari alisema zinaichemsha kompyuta." Akatazama mlango.

"Nani aliwalisha siku hizo nne?"

"Mimi nilikuwa likizo, Afande. Hapakuwa na mtu mwingine ila yeye."

Selestini aliandika. Kisha akamwomba amweleze, polepole, hizo jeni zinasomwaje, na akamwonya kwamba atauliza mara mbili mbili.

Catherine alieleza vizuri. Alisema kalunguyeye aliyelala na aliye macho wana jeni zilezile; hakuna inayoongezwa wala kufutwa. Tofauti ni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Mnyama akiingia usingizi wa kiangazi, ini lake hufunga jeni za kutumia sukari na kufungua za kuchoma mafuta ya mwilini. Jeni iliyofunguliwa hutoa nakala za maagizo yake, na nakala hizo ndizo maabara inazozihesabu.

"Kwa hiyo ukinipa kipande cha ini peke yake, bila mnyama, unaweza kuniambia alikuwa amelala au yuko macho?"

"Naweza."

"Na kugeuka huko kunachukua muda gani?"

"Kwa hawa wetu, siku mbili au tatu za baridi na njaa. Haiwi kwa saa moja."

"Aliyekula chakula chenye sumu jioni, akafa usiku?"

"Atakufa na jeni za mnyama aliyeshiba, aliye macho."

Selestini alikunja ukurasa wa daftari. "Yale maini kumi na manane umeshayasoma?"

Dada alifungua droo. Alitoa karatasi iliyochapishwa, yenye tarehe ya Jumamosi. Alisema matokeo yalimshangaza: maini yote kumi na manane yalikuwa na jeni za usingizi, bila hata moja la mnyama aliye macho. Alimpelekea daktari siku ileile. Daktari akamwambia vibandiko vimechanganywa na Rozalia, kwamba haya ni maini ya Chumba A, na kwamba karatasi isionwe na mtu.

Hapo palikuwa na njia ya kupotea, na mtu mwenye haraka angeipita. Selestini aliomba aone vichupa vyenyewe. Catherine alivaa glovu nene, akafungua mtungi, moshi mweupe ukamwagika sakafuni. Kila kichupa kilikuwa na kibandiko kilichoandikwa kwa mkono, na kila saba ilikuwa na mstari katikati, sawasawa na saba za maelezo ya daktari polisini. Rozalia hakuandika hata kimoja. Kisha wakaenda Chumba A. Selestini alihesabu kwa kidole: kumi na wawili. Rejista ya mwezi ule: kumi na wawili. Wote wazima, wamejikunja, wamelala.

"Kama hawa wote bado wana maini yao," alisema, "yale ya kwenye mtungi ni ya nani?"

Selestini alimwomba Catherine pamba. Hakuwa na rozari mfukoni, lakini alizijua sala, akazisema chini chini mbele ya pua ya mnyama mmoja. Kumi la kwanza likaisha. Catherine alikuwa ameegemea ukuta, naye anahesabu. Katika Salamu Maria ya nne ya kumi la pili, nyuzi za pamba zikainama, zikasimama.

"Swali la mwisho, binti yangu. Hizo nakala hukaa kwa muda gani baada ya mnyama kufa?"

"Hazikai. Ini huoza upesi. Mzoga uliokaa usiku mzima, nakala zake zinakuwa zimekatikakatika. Tunapima uzima wake kwa alama, kumi ndiyo ya juu."

"Haya yalipata ngapi?"

Aliirudia karatasi ile. Alikuwa ameisoma Jumamosi, lakini sasa aliisoma kama mtu anayefungua barua ya msiba. "Tisa na nusu. Tisa. Tisa na nusu. Yote hivyo." Akaiweka chini. "Nilifurahi, Afande. Nilidhani tumefanya kazi safi."

Akaenda kwenye sinki akanawa mikono, ingawa alikuwa amevaa glovu.

Daktari Adolf alikuwa mtu wa miaka arobaini, shati lake limepigwa pasi vizuri. Alimkaribisha Selestini kwa kumwita mzee wangu, akamwambia ana dakika kumi. Selestini alisema zinatosha. Kwanza alimwomba athibitishe mambo matatu kwa maandishi, kwa ajili ya jalada: kwamba wanyama wa Chumba A wote kumi na wawili wako hai na hakuna aliyekatwa ini, kwamba vibandiko vya vichupa aliviandika yeye, kwamba Rozalia hakukanyaga kituoni kati ya Alhamisi mchana na Jumatatu mchana. Daktari aliandika kwa wepesi na kutia saini, akiona ni mambo ya makarani.

"Ulijuaje kwamba wamekufa?"

"Mzee wangu, nina shahada tatu. Walikuwa baridi, wamekakamaa, hawapumui."

"Uliwatazama kwa muda gani?"

"Maiti anatazamwa kwa muda gani? Nusu dakika kila mmoja."

"Ulipokata, damu ilitoka?"

Daktari alitazama saa ya mkononi. Nje, mtu alikuwa akimwagilia maua ya wafadhili, maji yalisikika yakipiga ndoo.

"Nimekuuliza kuhusu damu, Daktari. Ya kwanza labda hukuiona. Ya pili? Ya kumi?"

"Ilikuwa kidogo," alisema hatimaye. "Ilikuja polepole."

Selestini aliiweka ile karatasi ya Jumamosi juu ya meza, kando ya maelezo ambayo wino wake haujakauka. Alimsomea kwa sauti ya kawaida, kama mwalimu anayesahihisha daftari. Maini haya si ya Chumba A, umeandika mwenyewe. Ni ya wanyama waliokaa siku kadhaa kwenye baridi na njaa, na siku hizo funguo ulikuwa nazo wewe. Na ni ya wanyama waliokuwa hai kisu kilipoingia. Kompyuta yako ilipata ubaridi wake, wao wakalala kama wanavyolala wenzao. Wewe unaandika vitabu juu ya usingizi huo, na ulipowekewa mkononi hukuutambua.

"Lilikuwa kosa," daktari alisema. "Mimi kazi yangu ni kwenye data. Mnyama mwenyewe sijawahi kumshika. Mtu yeyote angekosea."

"Kukosea nakuachia. Muuza dawa wa Katonga alikosea vilevile, akafundishwa, akakubali." Hapo sauti ya Selestini ilibadilika. "Karatasi hii uliipata Jumamosi. Ulijua. Jumapili ulikuwa na siku nzima ya kuja kituoni kusema umekosea. Jana Jumatatu asubuhi ulipiga simu, ukauliza kwa nini mama yule hajakamatwa. Alilala kwenye saruji jana usiku kwa sababu uliogopa kuwaambia wageni wako. Hiyo si data."

Alimwambia asiondoke mjini, na kwamba maelezo yake mapya, kama mtuhumiwa wa kutoa taarifa za uongo kwa polisi, yatachukuliwa jioni ileile. Dakika kumi zilikuwa hazijaisha.

Saa tisa na nusu alikuwa mbele ya Nasri. Nasri alisoma yote, akasugua uso. Alikuwa mtu mwadilifu kwa jumla, ila alipenda mambo yaishe kimya. Aliagiza mama aachiwe mara moja, akaandika mwenyewe sababu kwenye hati: *ushahidi haukutosheleza.*

Rozalia aliletwa kaunta akapewa viatu vyake. Aliichukua hati, akaisoma kwa kupitisha kidole chini ya kila neno, akairudisha bila kutia saini.

"Haukutosheleza," alisema. "Yaani nilifanya, ila hamkuniona vizuri."

Nasri alimweleza kwamba ndivyo hati zote zinavyoandikwa, ni lugha ya kawaida, na kwamba yuko huru kwenda nyumbani kupumzika. Rozalia alivaa kiatu kimoja, kisha kingine, akakaa kwenye benchi.

"Nyumbani sitaki. Jumuiya nzima imesikia nilitia sumu. Mwandiga wamesikia, kabla matanga ya kaka yangu hayajaanuliwa. Nitakaa hapa mpaka mtakapoandika kilichotokea."

Nasri alimgeukia Selestini, akitaka amsaidie. Selestini alikuwa ameshavuta karatasi nyeupe. Aliandika kwa herufi kubwa zinazosomeka kwamba Rozalia hakuua, hakutia sumu na hakuzembea. Kwamba wanyama walikuwa hai. Kwamba aliyewakata na kuwachoma ni mwingine, anayejulikana. Akaisogeza kwa Nasri. Nasri aliisoma, akatazama na saa, akatia saini na kupiga muhuri.

Rozalia aliisoma yote kwa kidole. Alipofika chini alichukua kalamu, lakini hakuandika.

"Kuna kitu kimebaki. Alhamisi nilipompa funguo, nilimwambia, Daktari, ukimkuta mmoja amepoa usimtupe, mwekee pamba, umngojee. Alinicheka."

"Mama Rozalia, kucheka si kosa la jinai."

"Najua, Afande. Andika kwamba alinicheka."

Selestini aliandika.